Milango Ishirini na Mitatu

Nimezitandaza mezani, hapa Kaloleni,
karatasi tatu, na kikombe cha chai kuzikinga na upepo.

Ya kwanza ina muhuri wa Jiji, wino wa zambarau:
"Vibanda kumi na vinne, visivyokaliwa, viliondolewa."
Viliondolewa. Kitenzi hakina mtenda,
kana kwamba vibanda vyenyewe viliona haya
vikajitwika mabati yao, vikavuka mto.

Ya pili ni gazeti, limeiva rangi ya mandazi:
"Nyumba arobaini zabomolewa alfajiri, mvua ikinyesha."
Kuna picha. Tingatinga limejaa picha nzima,
pembeni mgongo wa mtu na godoro kichwani.
Maneno ya chini yanamwita "mkazi".

Ya tatu ni daftari la shangazi Kavulani,
linanuka mafuta ya taa hadi leo.
Ndiye aliyemkusanyia mwenye ploti kodi, kila tarehe tano.
Hakuandika nyumba wala vibanda. Aliandika milango,
ishirini na mitatu, kila mmoja na mwenyewe:
Fundi Ogola, deni mia mbili.
Bi Zamzam, amelipa, nusu kwa unga.
Gathigia wa viatu, mlango mmoja, analipia miwili.
Mama Syokau, asidaiwe, amejifungua juzi.
Wa kumi na tisa hana jina: "yule kijana wa baiskeli".

Kumi na vinne. Arobaini. Ishirini na mitatu.
Nimekaa na kalamu nyekundu kama mwalimu
anayemsaka mtoto aliyenakili vibaya.

Moyo ulikwishakata kesi, damu ni nzito kuliko maji,
daftari lishinde, wengine warudi kwao.
Ndipo nikafika ukurasa wa mwisho,
ameugeuza juu chini, ameandika kwa penseli:
milango sita, herufi za kwanza tu, bila kodi.
Shangazi! Hata wewe?
Sita uliowaficha mwenye ploti
umewaficha na mimi.

Nikaanza upya, polepole, bila hasira.
Huenda karani wa Jiji alihesabu mapaa:
bati moja refu, chini yake vyumba vinne,
naye hakushuka garini, kulikuwa na matope.
Au hapakuwa na matope. Tutafika hapo.
Mwandishi wa gazeti aliuliza waliokuwa wakilia,
na anayelia hahesabu, hutaja:
na kwa dada, na kwa jirani, na pale kwa mkwe,
mlango mmoja ukatajwa na vinywa vitatu.

Hiyo ni hesabu, nayo naweza kuibembeleza.
Mvua ndiyo iliyonishinda.
Gazeti linasema ilinyesha. Daftari, siku hiyo hiyo:
"Jua kali. Nimeanika mahindi juu ya bati."
Ni siku hiyo hiyo kama ile moja ni moja,
maana mkono wa shangazi uliharakisha,
na moja yake yenye kofia yaweza kuwa saba.
Jiji halisemi lolote juu ya hali ya hewa.

Jumamosi nikaenda Pumwani kwa Bi Zamzam,
anasuka mkeka, macho yamebaki vidoleni.
Ilinyesha, bibi?
"Mimi nakumbuka vumbi. Vumbi mpaka mezani,
mpaka ndani ya chai."
Akasuka safu nzima kimya.
"Ila godoro la Mama Syokau lilikuwa limelowa.
Nililishika kwa mikono yangu hii.
Sasa kama ilikuwa mvua, au ni mambo ya uzazi,
au mtu alimwaga ndoo akiokoa vyombo,
usiniulize."

Sikumuuliza. Niliuliza juu ya kijana wa baiskeli.
Akacheka, jino moja la dhahabu.
"Yule? Mutinda. Alinisomea barua zangu zote."
Nikaandika: Mutinda.
Nimekwisha kuvaa viatu, niko mlangoni,
akaniita nyuma:
"Au Muthama. Andika yote mawili."